Jina la Daftari na Jina la Kuitikia

Twauliza leo jambo ambalo mwanzoni laonekana dogo. Mtu ameitwa kwa jina moja tangu utoto. Kwa jina hilo alisoma, akaoa, akajenga nyumba, akalipa kodi, akawapa wanawe. Akiisha kuwa mzee ahitaji hati fulani, na hapo yafunuliwa maandiko ya zamani yanayoonyesha kwamba jina lake la ukoo ni jingine kabisa. Je, mtu huyu alikuwa nani katika miaka hiyo yote? Tena, je, alisema uongo kila alipotia sahihi?

Wako watakaotujibu upesi ya kwamba hayo ni mambo ya makarani, na karani atayamaliza kwa wino. Sisi hatudhani hivyo. Twamjua mzee mmoja, fundi seremala, aliyepatwa na jambo hili alipotakiwa ushahidi wa kuzaliwa kwake ili apate kitambulisho cha taifa. Alikuwa amelelewa na mjomba wake. Siku ya kupelekwa shule mwalimu aliuliza, "Huyu mtoto wa nani?" na mjomba akajibu, "Wangu," kama ambavyo mjomba yeyote mwema angejibu. Neno hilo moja likawa jina la ukoo. Lakini cheti cha ubatizo, kilichokuwa kimelala sandukuni mwa marehemu mama yake, kilitaja jina jingine, la baba aliyekufa mtoto akiwa angali mgongoni. Mzee alituletea karatasi zote mbili ili tuzisome kwa sauti, ingawa yeye mwenyewe ajua kusoma. Kisha akauliza, "Mwalimu, sasa nizikwe kwa lipi?"

Na tutazame kwanza asili ya majina haya. Wazee wetu wengi hawakuwa nayo kwa namna ya daftari. Mtu alikuwa na jina lake, akatajwa pamoja na baba yake, na akiulizwa zaidi alitaja babu na ukoo. Watu wa pwani husema fulani bin fulani. Jina lilirudi nyuma kwa kadiri muulizaji alivyotaka kujua. Fomu yenye nafasi tatu ilipokuja, iliikata kamba hii mahali pamoja, na kila mtu akajaza alivyofahamu: huyu jina la babu, huyu la ukoo, huyu jina la ubatizo la baba yake. Ndiyo sababu ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuwa na majina ya mwisho yasiyofanana, wala hapana aliyedanganya.

Wala si sisi tu. Katika kisiwa cha Iceland mpaka leo watu walio wengi huitwa kwa jina la baba, na wengine kwa la mama, hata jina la mwisho la mtoto si lile la baba yake. Huko Uturuki sheria ya mwaka 1934 iliwaamuru watu wote wawe na jina la ukoo. Hata kiongozi wao Mustafa Kemal, mtu aliyekwisha kupita miaka 50, alipewa mwaka ule jina la Atatürk. Nchi nzima ya watu wazima ilipata majina mapya, na kila mmoja alibaki na deni zake zilezile na mke wake yuleyule.

Hata sheria yenyewe si kali kama tudhanivyo. Sheria ya kale ya Uingereza, ambayo mahakama zetu zimerithi mengi kwake, yasema kwamba mtu aweza kuchukua jina kwa kulitumia na kujulikana kwalo, maadamu hakusudii kulaghai. Hati ya kubadili jina ni ushahidi wa jambo lililokwisha kuwa. Ofisi hazitosheki na hayo, nasi hatuzilaumu, maana karani hawezi kumjua kila mtu kwa uso.

Rais Gerald Ford, aliyeongoza Marekani tangu 1974 hata 1977, alizaliwa mwaka 1913 akapewa jina la baba yake, Leslie Lynch King. Mama yake aliachana na mume yule akaolewa na Bwana Ford, na mtoto akaitwa kwa jina la baba huyu wa kambo pasipo hati yoyote ya mahakama. Alikuwa kijana ndipo alipoambiwa habari ya baba mzazi. Mwaka 1935, akiwa na miaka 22, alikwenda akaliandikisha kisheria jina lile ambalo amekuwa akiliitikia tangu utoto. Hapo karatasi ndiyo iliyoyafuata maisha.

Basi, uongo ni kusema usilolisadiki kwa nia ya kumpotosha mwenzio. Fundi wetu hakufanya hivyo hata siku moja, na mkewe aliolewa na mtu, hakuolewa na herufi. Lakini tangu siku ya kujua, jambo limegeuka. Zamani kunyamaza kwake kulikuwa kutojua. Sasa kunyamaza ni tendo lake mwenyewe. Rafiki zake walimshauri akichome kile cheti, kwa kuwa miaka yake iliyobaki si mingi. Shauri hilo twalikataa, wala si kwa ajili ya ofisi. Katika makabila yetu mengi watu wa ukoo mmoja hawaoani. Wajukuu wake, wanaojihesabu kuwa watu wa mjomba, hukutana vyuoni na mijini na vijana wa kila mahali, na siku moja waweza kuleta nyumbani mchumba ambaye ni damu ya babu yao, na hapana atakayejua ila mzee aliyechoma karatasi.

Kwa upande mwingine, kulivua jina la mjomba aliyeuza mbuzi wake ili mtoto apate ada ni neno zito. Tulimshauri aape mbele ya wakili kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, aendelee kuitika kama alivyozoea, na awatajie wanawe ukoo wa baba yake. Amefanya hivyo. Juu ya kaburi ametuambia waandike yote mawili, na kama ubao hautoshi, wanunue mrefu zaidi. Ni seremala, naye ajua bei.

Liko neno gumu kuliko hili. Wakati mwingine jina halikupotea kwa wema wa mjomba, bali lilifichwa, kwa kuwa mama aliona haya au alidhulumiwa. Siri hiyo si ya mtoto peke yake, hata akiwa na mvi. Mtu wa namna hii akituuliza, hatumhimizi aende ofisini kwanza. Twamwambia aende kwa mama yake, kama yu hai, jioni, wakaapo wawili tu, amwulize polepole. Wala asimwulize mbele ya mkaza mwana, wala siku ya wageni.