Siku ya Shida, Nani Atapita Kwanza?

Umeme kukatika katika mji wetu wa Lubumbashi si habari mpya. Watu wamekwisha kulipa jambo hilo jina, delestaji, na kila nyumba ina mshumaa wake au taa ya betri. Nyama ikiharibika katika friji twanung'unika. Watoto wakishindwa kusoma usiku twanung'unika tena. Kesho yake twasahau. Lakini wako ndugu zetu wasioweza kusahau. Hao ni wale ambao figo zao zimekufa, nao huishi kwa kuoshwa damu hospitalini.

Tueleze kwanza kazi hiyo ilivyo, maana wasomaji wengi hawajaiona. Figo ni kama chujio la mwili: huondoa uchafu wa damu na maji yaliyozidi. Zikikoma kabisa, mgonjwa hulala karibu na mashine, damu yake hutolewa katika mshipa, hupita katika chujio, kisha hurudi mwilini. Ndiyo dializi. Yachukua saa nne hivi, na kwa kawaida yatakiwa mara tatu kwa juma, mwaka kwa mwaka. Kila mara yataka kama lita 120 za maji, wala si maji ya bomba yalivyo, bali maji yaliyosafishwa sana. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, maji ya mashine yaliingiwa na sumu itokayo katika viumbe vidogo vya bwawani, na wagonjwa zaidi ya 50 walikufa. Basi mgonjwa huyu ahitaji umeme, maji safi, vichujio na dawa kutoka ng'ambo, njia ya kumfikisha, na mwuguzi ajuaye kazi yake. Kimoja kikikosekana siku chache tu, maji hujaa mapafuni, au chumvi iitwayo potasi huzidi katika damu, na moyo waweza kusimama ghafula.

Sasa tutazame nchi yetu. Umeme wa Katanga watoka katika mabwawa ya hapa, kama Mwadingusha juu ya mto Lufira, na Nzilo na Nseke juu ya Lualaba, na mwingine watoka Inga kwa waya wenye urefu wa kilometa 1,700 hivi. Mwingine hununuliwa Zambia kwa ajili ya migodi. Mwaka 2024 mvua zilikosa huko Zambia, serikali yao ikatangaza ukame kuwa msiba wa taifa, na ziwa Kariba likapungua sana. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mpaka wa Kasumbalesa ulifungwa kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa biashara, na malori yakasimama. Watu walizungumza juu ya unga na bei yake. Ni wangapi waliofikiri juu ya sanduku la vichujio vya figo? Tena mwezi wa Januari 2025 tumeona Goma: mji ulipoangukia mikononi mwa M23, umeme na maji vilikatika, na hospitali zikajaa majeruhi. Wazee wa Lubumbashi hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Wanakumbuka mapigano ya Septemba na Desemba 1961 katika mitaa ya mji huu huu.

Wengine husema kwamba kujiandalia mabaya ni kukosa imani, tena ni kuyaita. Hatutakaa sana juu ya neno hilo. Yosefu aliweka akiba ya nafaka ya Misri miaka saba, wala hakuna aliyemwita mtu asiye na imani. Na wale wanawali waliosahau mafuta hawakusifiwa kwa ajili ya utulivu wao.

Neno la pili ni zito zaidi. Baba Mtakatifu Pio XII, tarehe 24 Novemba 1957, akijibu maswali ya madaktari, alifundisha kwamba kwa kawaida mtu hulazimika kutunza uhai wake kwa njia za kawaida tu, yaani zisizo mzigo mzito mno kwake au kwa wengine. Ni mafundisho yenye huruma. Mgonjwa aliyechoka na mashine, ambaye mwili wake hauwezi tena, aweza kuiacha bila dhambi baada ya kushauriana na daktari na padri wake. Lakini twasikia wengine wakiyageuza mafundisho hayo. Husema: mashine ni jambo la ajabu, ni la gharama, basi ikizimika siku ya msiba, ni mapenzi ya Mungu. Sivyo. Mgonjwa aweza kuuweka chini mzigo wake mwenyewe. Sisi hatuna ruhusa ya kumwekea chini uhai wake kwa sababu hatukununua mafuta ya jenereta.

Sasa tumefika penye swali lenyewe. Msiba umekuja, mashine zafanya kazi nusu, wagonjwa ni wengi. Nani apite kwanza?

Swali hili lilikwisha kujibiwa vibaya mara moja, na watu wema. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner, katika mji wa Seattle huko Marekani, alipata njia ya kuacha mrija mkononi mwa mgonjwa, hata damu ikaweza kuoshwa tena na tena. Wenye kuhitaji walikuwa wengi kuliko mashine. Basi waliweka baraza la watu saba, miongoni mwao mchungaji, mwanasheria, mwenye benki na mama wa nyumbani, wachague. Gazeti la Life liliandika habari zao mwaka 1962. Baraza lilitazama umri, watoto, kazi, mali, elimu, hata kama mtu huenda kanisani! Watu wengi waliposoma walishtuka, na ilikuwa haki yao. Maana nani amempa binadamu mizani ya kupima thamani ya nafsi ya mwenzake? Mwaka 1972 serikali ya Marekani iliamua kulipia karibu wagonjwa wote wa namna hiyo.

Tusiwacheke watu wa Seattle. Wao angalau waliketi mezani. Kwetu, pasipo mpango, baraza lipo pia ila halionekani: hupita kwanza mwenye dola mkononi, au ndugu ya mkubwa, au mwenye sauti kali mlangoni. Mfanyakazi wa kampuni kubwa mara nyingi hulipiwa. Mama auzaye makala kando ya njia huko Katuba hulipiwa na nani? Usiku wa fujo ataachwa nje, wala hakuna atakayekumbuka kwamba aliachwa.

Jawabu tunaloona kuwa la haki ni hili: yafaa kugawana saa kabla ya kuchagua watu. Madaktari wa Gaza walifanya hivyo mwaka 2023, wakapunguza muda wa kila mgonjwa ili wote wapate. Saa mbili na nusu si saa nne, lakini ni uhai. Na ikiwa lazima mmoja atangulie, basi daktari aangalie ugonjwa, aliye hatarini zaidi aanze. Asiangalie mfuko wala cheo wala dini. Kanuni hiyo yapaswa kuandikwa na kubandikwa ukutani mchana, watu wakiwa na akili tulivu, wagonjwa wenyewe wakiijua. Mwuguzi aliyeachwa peke yake usiku atoe hukumu hiyo, ameonewa.

Juu ya wauguzi tuseme kidogo, kwani husahauliwa. Umeme ukikatika mtu akiwa mashineni, damu yake nyingine iko nje ya mwili, na mwuguzi lazima ajue kuirudisha kwa kuzungusha mashine kwa mkono. Kazi hiyo yataka mazoezi. Lakini mwuguzi naye ana watoto nyumbani, Ruashi au Kampemba, na njia imejaa maji ya mvua. Twamwambia abaki na wagonjwa; je, nani ataketi na watoto wake? Hapo parokia ina kazi ambayo haihitaji fedha.

Wajapani walijifunza baada ya tetemeko la Kobe, tarehe 17 Januari 1995, hata vituo vyao vikajipanga kupashana habari na kupokeana wagonjwa. Tetemeko la Machi 2011 lilipokuja, mamia ya wagonjwa wa Fukushima walipelekwa Tokyo na miji mingine wakaoshwa damu huko. Sisi hatuna magari yao. Lakini karatasi tunayo. Mgonjwa aweza kuchukua mfukoni jina lake, siku zake, uzito wake na dawa zake, ili kituo kingine kimpokee bila kubahatisha. Nyumbani mwake wajue mapema, kwa kumwuliza daktari, chakula cha siku tatu za kungoja: maji kidogo sana, mara nyingi kama nusu lita kwa siku, chumvi kidogo, bukari kwa kiasi, tena ndizi, maharagwe, parachichi, nyanya na sombe viwekwe mbali, kwa kuwa vina potasi nyingi. Jirani mwenye moyo mwema, asiyejua hayo, aweza kumletea sahani ya kumwua.

Yule mwenye kupooza katika Injili hakufika kwa Yezu kwa miguu yake. Walimchukua watu wanne, nao walikuwa na njia ya kumshusha darini. Kila mmoja wa wagonjwa hawa ahitaji wanne wake wanaojulikana kwa majina: mwenye pikipiki, mwenye simu, mwenye kupika, mwenye kuketi na watoto. Mvua huanza Novemba. Jumuiya za mitaa zakutana kila juma, na swali la kuulizana hapo ni fupi: nani kati yetu huenda kuoshwa damu, na siku zake ni zipi?