Hata Mlango Ulio Wazi Hupigiwa Hodi

Somo: Waraka wa Paulo kwa Filemoni, mstari wa 8 hadi 14



Juma lililopita nilirudi na kikundi cha waumini wetu kutoka kwenye mwamba wa Uluru. Wengi wetu katika ushirika huu wa Kiswahili hapa Adelaide tulifika Australia tukitokea Kongo, Burundi na Tanzania, wengine baada ya miaka mingi ya kambini. Tumepata makazi, watoto wanasoma, tunamshukuru Mungu. Lakini wenyeji wa kwanza wa nchi hii tulikuwa hatuwafahamu. Wazee wa ushirika wakasema haifai: mtu hakai katika nyumba ya watu mwaka hadi mwaka bila kwenda kuwaamkia wenye nyumba. Basi tukafunga safari, kilomita zipatazo 1,600 kuelekea kaskazini, hadi katikati ya jangwa.

Tulifika mwambani kabla ya mapambazuko. Ilikuwa Julai, baridi ya jangwa inauma masikio, kina mama wamejitanda vitenge juu ya makoti. Mwanzoni Uluru ilikuwa giza lililolala juu ya mchanga. Jua lilipoigusa ikawa zambarau, kisha rangi ya kutu, kisha kama kaa linalopulizwa. Ni mwamba mmoja, wenye kimo cha mita 348 kutoka ardhini, na njia ya kuuzunguka kwa miguu inazidi kilomita 10. Hakuna aliyesema neno. Mama mmoja alianza kuimba kwa sauti ya chini, tukampokea.

Kulipopambazuka vizuri, binti wa miaka 10 alinivuta mkono. "Mchungaji, ule mstari mweupe kule juu ni wa nini?"

Niliutazama. Upande wa magharibi, pale mwamba unapoinama kidogo, umepanda mstari uliopauka, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi mahali pamoja. Wekundu wa Uluru ni wa juujuu tu, ni kutu ya chuma kilichomo ndani ya jiwe. Ukiukwangua, ndani ni kijivu. Mstari ule umechorwa na nyayo. Ni viatu vya watu waliopanda, mmoja baada ya mwingine, miaka mingi, hadi ngozi ya jiwe ikatoka.

Nikamweleza, nami nawaeleza ninyi, kwa sababu ndani ya mstari ule nimeona tafakari ya juma hili.

Wenye nchi hiyo ni Waanangu. Kwao mwamba huo umeshikwa na Tjukurpa, yaani sheria, imani na masimulizi ya wahenga wao kwa pamoja, yanayoeleza nchi ilivyoumbika na jinsi mtu apasavyo kuishi na jirani, mnyama na ardhi. Njia waliyokuwa wakipita wapandaji inagusa safari takatifu ya wahenga waitwao Mala, na Waanangu wenyewe hawaipandi. Tena kwa sheria yao mgeni ni dhamana ya mwenyeji. Mtu akianguka pale, msiba ni wao. Na wameanguka: waliokufa wakipanda wamezidi 30.

Mwaka 1873 mpelelezi mmoja Mzungu aliufikia mwamba huo akaupa jina la mwanasiasa wa hapa Adelaide, kana kwamba haukuwa na jina. Mwaka 1964 ukafungwa mnyororo wa kushikilia wapandaji. Tarehe 26 Oktoba 1985 serikali iliwarudishia Waanangu hati ya ardhi yao, nao wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99 iwe hifadhi ya taifa inayosimamiwa kwa pamoja. Walikuwa wameahidiwa kwamba upandaji utakomeshwa. Ahadi hiyo haikutimizwa. Hati ikaja, mnyororo ukabaki.

Basi wakafanya nini? Waliomba. Penye lango la kupandia palisimama kibao cha lugha kadhaa kikiwaeleza wageni kwamba mahali hapa ni patakatifu na kuwasihi wasipande. Kibao na lango vilisimama karibu karibu. Hakuna askari aliyekuzuia, hakuna faini. Ulisoma ombi, kisha ukaamua wewe mwenyewe na moyo wako.

Wapendwa, sisi tumelelewa na neno hodi. Mlango waweza kuwa wazi kabisa, pazia linapepea, redio inalia ndani, lakini mtu aliyelelewa husimama nje akapiga hodi. Akipiga ya tatu bila kuitikiwa karibu, hugeuka akaenda zake. Anajua kwamba kutofungwa kwa mlango hakumpi ruhusa. Karibu hutoka kinywani mwa mwenye nyumba.

Na wapo kati yenu wanaojua, kuliko ninavyoweza kusema, maana ya kuingiliwa bila hodi. Mlango uliosukumwa usiku ndio uliowatoa makwao. Ninyi mtaelewa haraka kuliko wengine kwa nini kibao kile ni kitu kizito.

Sasa tumtazame Paulo. Anamwandikia Filemoni kuhusu Onesimo, mtumwa aliyemkimbia Filemoni na kisha akawa mwana wa Paulo katika imani. Paulo ni mtume. Anasema wazi kwamba anao ujasiri wa kumwagiza Filemoni linalompasa. Lakini amri anaiweka kando. Kwa ajili ya upendo anachagua kusihi. Angependa kubaki na Onesimo amsaidie gerezani, hata hivyo hafanyi neno bila shauri la Filemoni. Sababu anaitaja katika mstari wa 14: wema utoke kwa hiari, usitokane na kushurutishwa.

Huo ndio uzito wa ombi. Amri hupima nguvu za anayeitoa. Ombi hupima moyo wa anayelisikia. Filemoni alipomaliza kuusoma waraka ule alibaki peke yake na Mungu wake. Ndivyo walivyobaki wageni wa Uluru mbele ya kibao, miaka na miaka. Na ombi lile liliota kama mbegu. Mwaka hadi mwaka waliochagua kutopanda waliongezeka, hata wapandaji wakapungua chini ya asilimia 20 ya wageni. Mwaka 2017 bodi ya hifadhi, ambayo wengi wa wajumbe wake ni Waanangu, iliamua kwa kauli moja kuufunga upandaji. Tarehe 26 Oktoba 2019, miaka 34 kamili tangu hati irudi, njia ikafungwa, na baadaye mnyororo ukang'olewa. Siku za mwisho watu walipanga foleni ndefu ili wapande kabla haijawa marufuku. Nimewaza sana juu ya foleni ile. Ombi walilisikia; kilichowafanya wakimbilie mwamba ni kujua kwamba amri inakuja.

Kanisa nalo lina la kujifunza hapa, kwa aibu na kwa shukrani pia. Aibu, kwa kuwa mara nyingi Injili iliingia nyumba za watu bila hodi. Shukrani, kwa kuwa wapo waliopiga. Mwaka 1937, kusini-mashariki mwa Uluru, daktari Charles Duguid na kanisa la Kipresbiteri walianzisha misheni ya Ernabella, ambayo leo inaitwa Pukatja. Walikubaliana kwamba watu wasilazimishwe na mila zao zisivurugwe, na mmisionari ajifunze lugha ya wenyeji, Kipitjantjatjara. Kwaya ya Ernabella iliyotoka humo inaimba nyimbo za Mungu kwa lugha hiyo. Imani iliyopiga hodi ilikaribishwa hadi ndani ya wimbo.

Tulipozunguka mwamba tulikuta vibao vingine, vidogo, vikiomba tusipige picha sehemu fulani. Hapakuwa na mlinzi. Kijana wetu mmoja, ambaye simu haimtoki mkononi, alikuwa mbele yangu. Alikisoma kibao, akatazama ukuta wa mwamba uliokuwa unang'aa vizuri mno, akaizima simu na kuitia mfukoni. Akaendelea kutembea. Hakujua kwamba namwona. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Nawasihi basi, juma hili kila mmoja atafute mahali ambapo mlango uko wazi kwake na hajapiga hodi. Mfiwa anayelia, nasi tunampiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp kabla machozi hayajakauka. Mke anayesema polepole kwamba jambo hili linamuumiza, na mume anaendelea kwa kuwa hakuna wa kumzuia. Mzee wa kanisa anayeweza kuamua peke yake, na anaamua peke yake. Tusingoje mnyororo ung'olewe na lango lifungwe. Tuitikie wakati bado tunaombwa.

Maana Bwana wetu mwenyewe ametutangulia kwa njia hii. Kitabu cha Ufunuo kinamwonyesha akisimama mlangoni, anabisha. Yeye aliyeumba nyumba na mwenye nyumba anangoja nje mpaka asikie karibu.

Tuombe.

Ee Bwana, unayebisha na kungoja, utusamehe pale tulipoingia bila kuitwa. Uwafariji Waanangu na wenyeji wote wa nchi hii iliyotupokea. Utupe masikio ya kusikia ombi la aliye mnyonge kama tunavyosikia amri ya aliye na nguvu, na wema wetu utoke moyoni kwa hiari. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.