Nilitumwa Tu

Wazee wetu wa Katanga walikuwa na neno la kuogopesha: batumbula. Katika miaka ya 1940, mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, watu walisimulia kwamba batumbula hukamata watu usiku. Ilisemwa kwamba Mzungu ndiye aliyeagiza, lakini mkono uliokamata ulikuwa wa mtu mweusi, aliyelipwa kwa kazi hiyo. Hatusemi kwamba mambo hayo yalitendeka. Twauliza tu: mtumishi wa namna hiyo ana nini moyoni mwake?

Sinema moja ya Marekani ya mwaka 1931, iitwayo Dracula, yatuonyesha mtumishi kama huyo. Wengi humkumbuka bwana mkubwa tu, yule anywaye damu. Sisi twamtazama Renfield. Alikuwa mtu wa ofisi, akasafiri hadi ngome ya bwana huyo kwa ajili ya mkataba wa nyumba. Bwana akamshinda, akamfanya mtumwa. Tangu hapo alikula nzi na buibui kwa kutamani uhai wao, akaahidiwa panya kwa maelfu akitii. Lakini dhamiri yake haikufa. Alimsihi daktari ampeleke mbali, asije msichana Mina akapatwa na mabaya. Na alipoona bwana wake ataka kumwua, alilia kwamba hawezi kufa huku roho za watu wengi zikimlemea.

Je, ana hatia? Kanisa lafundisha kwamba hofu na kulazimishwa hupunguza hatia, na pengine huiondoa. Basi kwa usiku ule wa ngomeni hatumhukumu. Lakini mtu awezaye kumlilia Mina bado ana kitu ambacho bwana hakukichukua. Alipotajiwa panya, alisikia bei, naye akaikubali. Mwovu mkubwa hana haja ya kutafuta waovu wenzake. Hutafuta mwenye njaa, humpa kidogo, kisha humfundisha kusema: "Si mimi, nilitumwa tu."

Neno hilo lasikika hata kwetu. Achezeaye mizani ili mchimbaji apunjwe husema ameagizwa na mkubwa wake. Amwitaye bibi kizee mlozi husema nabii ndiye aliyemtaja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1868, yafundisha kwamba twashiriki dhambi za wengine tukizitenda pamoja nao kwa hiari, tukiziagiza, tukizisifu, au tukiwakinga watenda mabaya.

Hapa Tenke njia ya reli yagawanyika: moja yaelekea Bukama, nyingine Kolwezi. Behewa halichagui, huenda linakovutwa. Mtu si behewa. Mungu amempa hiari, na siku ya hukumu hakuna bwana atakayejibu kwa niaba yake. Renfield alilia akiwa amechelewa, mauti yamekwisha mshika. Sisi siku zetu bado zipo. Aliyetumwa vibaya jana aende kuungama, arudishe alichopunja, na kesho agizo likija tena, alikatae.