Shamba Letu, Maji ya Nani?

Huku mjini maisha ya kijani yamekuwa kama suala la kununua: chupa ya chuma, mfuko wa kitambaa, sola juu ya paa. Sina shida na hayo. Ila kwetu Nyamira swali lina mizizi: ni mkaratusi, ama blugamu kama wengi tunavyouita.

Ukitoka Keroka kwenda Kisii utaiona imesimama kando ya vijito. Si kwamba watu ni wajinga. Blugamu hukua haraka, ukiukata unachipuka tena kwenye kisiki, na wateja hawakosi: viwanda vya chai vinataka kuni, wajenzi wanataka nguzo. Shamba la nusu ekari, lililogawiwa wana kizazi baada ya kizazi, halina benki nyingine. Babu alipanda safu yake chini kabisa, kijitoni. Karo yangu ilitoka hapo, hata ile ya chuo nilichokiacha.

Siku hizi chemchemi iliyo chini ya safu hiyo hukauka kila kiangazi. Mti peke yake haulaumiwi, maana tumelima pia mpaka ukingoni, lakini unakunywa sana. Jirani yetu sasa hubeba mtungi hadi chemchemi ya mbali. Ile miti haijampa hata shilingi moja. Je, tuna deni kwake?

Nyumbani jibu ni rahisi: cheti cha shamba tunacho. Sawa. Lakini Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji yanashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Basi mti ni wetu, ila unachokunywa si chetu.

Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji iondolewe. Mingi ingali pale. Wengine husema ni tamaa. Mimi naona ugumu mwingine: ukimwambia mwenye nusu ekari ang'oe, unamlipisha yeye leo ili bonde zima linufaike kesho, huku sisi tunaokunywa ile chai tukitoa ushauri tu.

Hata hivyo, umaskini unaeleza kwa nini tulipanda. Hautupi ruhusa ya kumbebesha gharama aliye maskini kutuliko. Na gharama tayari inalipwa, kwa mgongo wa mwenye mtungi.

Nilipendekeza nyumbani tuondoe ile ya kijitoni, tupande mianzi, ya juu ibaki. Baba mdogo akaniuliza, "Kijana wangu, na karo ya huyu wa mwisho utalipa wewe?"

Nikasema nitachangia. Bado tunabishana ni miti mingapi.