Chombo cha Kuandikia Kikinyamaza

Yapo mapenzi ya vitu yasiyo na lawama, kama ya mtu akusanyaye taipureta za kale, akazipangusa vumbi na kuzipanga rafuni. Lakini mashine za kuandikia nukta nundu zazua swali zito zaidi: je, ni haki kukitunza chombo cha kuandikia kwa kukinyima kuandika?

Mwaka 1892 Frank Hall, mkuu wa shule ya wasioona huko Illinois, Marekani, alitoa mashine ya vitufe sita, kimoja kwa kila nukta ya mwandiko wa Louis Braille. Kabla ya hapo, asiyeona alidunga nukta mojamoja kwa kibao na chuma chenye ncha, akianzia kulia, asiweze kusoma alichoandika mpaka aigeuze karatasi. Kwa mashine aliipapasa sentensi yake papo hapo. Naye Hall hakutaka kuichukulia hataza.

Mtetezi wa ukusanyaji ana hoja. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwitalia Pellegrino Turri alimtengenezea Bibi Carolina Fantoni, aliyepoteza uwezo wa kuona, mashine ya kuandikia barua. Barua za bibi huyo zimebaki. Mashine imepotea, wala haijulikani barabara ilivyofanya kazi. Laiti angalikuwapo wa kuihifadhi!

Hata hivyo, hoja hiyo ina mpaka wake. Mashine ya Hall ni adimu. Kuitunza ni kutunza kumbukumbu. Ile ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham na kuanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1951, ni jambo jingine. Ni ya chuma, imara, hufunguliwa na kukarabatiwa, na iliyozeeka yaweza kumfaa mtoto wa leo. Kuzirundika nyumbani, ilhali mwanafunzi angojea zamu darasani, ni kumnyima mtu kalamu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Chuma, lakini, huota kutu. Na hata ile adimu, ikifungiwa ndani ya kioo, humfaidi mwenye macho peke yake. Yule aliyetengenezewa huambulia ubaridi wa kioo. Diwani iliyofungiwa sandukuni haipotei, ila haisomwi. Basi mkusanyaji na aihifadhi ile isiyo na mfano, aviruhusu vidole viiguse; na ile iwezayo kuandika, ampe mwenye neno la kuandika.