Nafaqa ya Mke Aliyeachwa ni Deni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema. Ama baada ya haya:

Enyi ndugu zangu wa Kau, na wa Ozi, na wa Kipini, na kila atakayefikiwa na waraka huu wa darsa yetu. Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu twalijua nusu yake, na hiyo nusu tuijuayo ni ile itupendezayo. Kila mwanamume anajua kwamba talaka iko mkononi mwake. Lakini ni wangapi wanaojua kwamba neno lile likishatoka kinywani, huzaa deni juu ya shingo ya aliyelitamka?

Ada iliyoenea kwetu ni hii: mume hukasirika, hutoa talaka, na kabla jua halijatua mke amekwisha kutiwa mashuani na sanduku lake, akarudi kwa wazee wake. Kuanzia siku hiyo mume hujiona yu huru, hana la kuulizwa. Ada hii haina asili katika dini. Mwenyezi Mungu, katika aya ya kwanza ya Suratut Talaq, amekataza wake walioachwa wasitolewe majumbani mwao katika eda yao, illa wakifanya uchafu ulio wazi. Na katika aya ya 6 na ya 7 ya sura hiyo hiyo ameamrisha wakalishwe pale wakaapo waume kwa kadiri ya uwezo wao, na mwenye mimba apewe matumizi mpaka ajifungue, na kila mtu atoe kwa kadiri ya alichoruzukiwa. Basi tumemfuata nani, sisi tunaowatoa mchana ule ule?

Hebu tuyapange mambo, kila haki mahali pake, kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii.

Kwanza, mke aliyeachwa talaka rejea ana haki ya nyumba na matumizi yote mpaka eda yake iishe, kwani yeye bado yumo katika hukumu ya mke. Na aliyeachwa talaka isiyo na rejea ana haki ya nyumba, ama chakula hana illa awe na mimba. Wanavyuoni wa Kihanafi wao humpa huyu wa pili vyote viwili.

Pili, matumizi ya siku zilizopita, ambayo mume alikuwa akiyazuia ndani ya ndoa bila ya mke kuasi, hayafutiki kwa kupita wakati. Ni deni kama deni la dukani. Na mahari yaliyosalia ni hivyo hivyo.

Tatu, yuko na haki ya mut'a, yaani kiliwazo, ikiwa kuachana hakukutokana naye. Aya ya 241 ya Suratul Baqara imekitaja kuwa ni wajibu juu ya wachamungu. Hakina kiwango kilichokatwa. Wakihitilafiana, Kadhi hukikadiria kwa kuitazama hali ya wote wawili.

Nne, mtoto. Kukaa kwa mama yake hakumwondolei baba wajibu hata kidogo. Chakula chake, nguo zake, dawa zake na masomo yake ni juu ya baba.

Sasa mtu huuliza: Kadhi hupima vipi? Vitabu vyetu vya fiqhi vimeweka kipimo. Tajiri hutoa vibaba viwili kwa siku vya chakula cha mji, mtu wa kati kibaba kimoja na nusu, na maskini kibaba kimoja, na juu yake kitoweo na mavazi na makazi. Chukua mtu wa kati ambaye eda ya mkewe imekuwa siku 90. Hizo ni vibaba 135, nazo ni pishi 33 na vibaba vitatu vya mchele. Je, katika sisi, ni nani aliyewahi kupima pishi hizo akampelekea mtalaka wake?

Siku hizi mahakama hukadiria kwa shilingi, lakini msingi ni ule ule: haja ya mdai na uwezo wa mdaiwa. Kadhi ataanza kuuliza kama ndoa ilikuwako na kama talaka imethibiti. Kisha atauliza ni talaka ya namna gani, na ya ngapi. Kisha atauliza mume anapata nini: ana shamba la mpunga, ana miembe, avua samaki, ana mshahara? Wala asidhani mtu kwamba kwa kuwa mpunga wetu wategemea maji ya mto, na mto una mwaka wa gharika na mwaka wa ukame, ataweza kusema hana kitu na mambo yakaisha. Uwezo mdogo hupunguza kiasi. Haki yenyewe haiondoki. Na anayedai kwamba ametoa, na alete ushahidi. Fedha iliyopelekwa kwa simu huacha alama yake, na ile iliyotolewa mkononi na iandikiwe hati mbele ya mashahidi.

Wako watu wanaowatisha wanawake kwamba mahakamani neno lao halisikizwi. Huu ni uwongo. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967 imesema wazi, katika kifungu cha 6, kwamba mashahidi wote wasikizwe bila ya kubaguliwa kwa dini wala kwa kuwa ni mume au mke, na jambo liamuliwe kwa ukweli wa ushahidi, si kwa wingi wa mashahidi. Na asiyeridhika na hukumu anayo njia ya kukata rufani Mahakama Kuu.

Mahakama hizi hatukuzipata jana. Pwani ilipotiwa chini ya ulinzi wa Mwingereza mwaka 1895, Makadhi walibaki. Mnamo Oktoba 1963, katika barua walizopelekeana Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte wa Unguja, Serikali ya Kenya iliahidi kuihifadhi hukumu ya Kadhi katika mambo ya Waislamu. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imezithibitisha kwa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, pale wanaoshitakiana wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko.

Basi lizingatieni hili, enyi wanaume. Katika ndoa zisizokuwa za Kiislamu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yampa hakimu uwezo wa kuamuru matunzo ya mtalaka hata baada ya talaka kupita. Lakini sheria hiyo hiyo imesema kwamba walioowana Kiislamu haki zao ni zile zilizowekwa na dini yao. Maana yake ni kwamba dada zetu wameachiwa amana yetu. Haki aliyopewa na Qurani tukimnyima, hana nyingine ya kuikimbilia. Tulipigania tuhukumiwe kwa sharia yetu. Je, tulitaka sharia, au tulitaka ile nusu yake tu?

Na sasa nitasema lililonifanya niandike. Miaka kadhaa nyuma, baada ya sala ya Alasiri, alinijia mwanamke mmoja wa mto huu. Alikuwa ameachwa talaka moja, naye ana mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa. Akaniambia, "Maalim, baba yake hajaleta hata kibaba. Niende kwa Kadhi?" Nami nikamwambia, "Subiri, mwanangu. Kwenda mahakamani ni kutangaza aibu ya nyumba. Nitasema naye." Nilisema naye mara moja, akaniahidi, nikajishughulisha na mengine. Mama yule akauza bangili zake za mahari, akamlisha mtoto kwa mwaka na zaidi.

Alipokwenda mwisho kwa Kadhi, matumizi ya eda yake alihukumiwa yote, kwani deni la mke halifi. Lakini matumizi ya mtoto alihukumiwa kuanzia siku ile aliposhitaki, si nyuma yake. Katika madhehebu yetu, matumizi ya mtoto yakishapita siku zake hayawi deni, illa Kadhi awe ameyakata. Nalijua hilo tangu nikiwa mwanafunzi. Nimelisoma mbele ya masheikh zangu na nimelisomesha. Wala sikumwambia. Nilimpa subira, naye alikuwa amekuja kutafuta ilimu. Zile bangili nilizipoteza mimi.

Kwa hivyo, mama zangu na dada zangu, nawaambia leo nilichokificha siku ile: baba akikataa kumlisha mtoto, msingoje. Nendeni kwa Kadhi mwezi ule ule. Aidha iko Mahakama ya Watoto, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Hapana aibu katika kudai haki. Hind binti Utba alimshitakia Mtume wetu kwamba mumewe Abu Sufyani alikuwa mzito wa kutoa, na Mtume hakumkemea kwa kushitaki. Alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mimi ni nani nimfunge mdomo ambaye Mtume alimsikiza?

Na nyinyi wanaume wenzangu, na sisi tunaoandika talaka: tangu sasa mtu akija kwangu kuandikiwa hati, nitamuuliza kwanza mke atakaa wapi eda yake, na atakula nini, na mtoto atapata kiasi gani na siku gani. Majibu yake yataandikwa chini ya talaka yenyewe, na mashahidi watie mikono yao. Nawaomba walimu wenzangu wa mto huu wafanye vivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyanyamazia, na atuwezeshe kulipa madeni yetu kabla ya siku ambayo hakuna shilingi wala mchele wa kulipia. Wabillahi taufiqi.