Mkeka wa Kijana Aliyefukuzwa

Kijana akiiba au akimtukana babaye, twafanya haraka kumfukuza; tena wengine humwita mchawi, nalo ni kosa kubwa. Don Bosco, aliyepewa upadri mwaka 1841, aliwaona gerezani Torino wavulana waliofunguliwa wakirudishwa upesi, maana huko nje hawakuwa na mtu wa kuwapokea. Basi akawafungulia nyumba: chakula, kazi ya mikono, sala, na padri akaaye kati yao pasipo fimbo. Watawa wake, Wasalesiani, walifika Katanga mwaka 1911. Katika nyumba yao ya Bakanja, Lubumbashi, huwalaza wavulana wa barabarani, huwasomesha, kisha huwatafuta jamaa zao. Nawe wa Kambove, mwanao akirudishwa jioni, ataukuta mkeka wake?